Karatasi za origami za rangi mbili: chukua kubwa

Kwa kufundishia watu wazima wenye ulemavu wa ukuaji, karatasi hizi za origami (sanaa ya kukunja karatasi kuwa maumbo) zina sifa moja kubwa: upande mmoja rangi, wa pili mweupe. Badala ya "kunja kulia" unasema "funika nyeupe yote", na mtu anajionea mwenyewe kama amepatia. Zinaponiudhi ni ukubwa. Sentimita 15 ni ndogo kwa vidole vizito. Mkunjo wa kwanza ukipishana milimita 3 tu, masikio ya mbwa mnayemkunja hayalingani tena. Afadhali za 25. Ni nyembamba, mgongo wa kijiko ukipita mara moja mkunjo umekaa, ila zikikunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa huchanika pale mistari inapokutana, basi weka za akiba. Zinazong'aa achana nazo, zinateleza.