Presha kuka ya umeme huku Muheza: miezi saba ya kuhesabu uniti

Naandika hii maana nimechoka kuulizwa kila nikipita gengeni, "dada lile jiko lako la umeme halimalizi LUKU?" yani umeme wa kulipia kabla, alafu nikijibu hawaamini, wanacheka, wanasema huyu mumewe ana hela. Hela ziko wapi, mume wangu anauza machungwa, na msimu mnaujua ulivyokuwa. Kwaiyo naweka yote hapa, uzuri wake na uchafu wake, anayetaka asome.

Tunakaa kijijini, njia ya kwenda Amani. Umeme wetu ni wa mradi wa REA, wakala wa nishati vijijini, tuliingiziwa kwa ile bei ya 27,000 ya vijijini. Ndani kuna taa tano, tv, redio ya mzee (mume wangu) ambayo haizimwi mpaka alale, na chaji za simu, basi. Friji hatuna (friji nitalirudia, limenitia kwenye ugomvi). Kabla ya presha kuka nilikuwa nakula uniti 20, mwezi wa mechi nyingi 22.

Nilinunua Tanga mjini, Ngamiani, duka silitaji. Lita sita, wati 1000, jina lake sijawahi kuliona popote na wala sikulijali. Muuzaji kaanza 150,000, nikatoka nje kabisa mpaka barabarani ndo akaniita, tukamaliza 125,000. Akanambia waranti mwaka mmoja. Nikamwambia andika. Akaandika kwenye karatasi ya daftari "presha kuka 1", tarehe, bila muhuri, nami kwa furaha nikaondoka, mjinga mimi.

Sasa hesabu, maana ndo mnachotaka. Usiku wa kwanza nilizima kila kitu, tv, taa, hata chaji, mzee kakaa gizani na tochi ya simu analalamika redio yake. Nikabonyeza kile kidude cha LUKU kuangalia salio: 31.62. Nikaweka maharage nusu kilo niliyoyaloweka tangu asubuhi, maji yapite juu vidole viwili, nikafunga, dakika 35. Yalipoiva nikabonyeza tena: 31.21. Yani uniti 0.41. Nikarudia siku ya pili maana sikuamini, ikaja 0.39. Wali wa vikombe vitatu unakula kama robo uniti, makande yanafika nusu uniti, kisamvu kinacheza hapo hapo kwenye 0.3.

Kwa hela ni hivi. Sisi tuko ile tarifu ya majumbani ya matumizi madogo, D1, shilingi 100 kwa uniti kwa asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA 3 na ya EWURA (wasimamizi wa nishati) 1, uniti inakufikia kwa 122. Ndo maana ukinunua ya 5,000 unapata uniti 41 hivi. Kwaiyo maharage ya nyumba nzima yameniivia kwa shilingi hamsini. Hamsini! Kiberiti chenyewe sa hivi hununui kwa hamsini. Lakini shemeji yangu yuko Makorora, Tanga mjini, yeye yuko T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, uniti moja 292, na makato inakuwa 356, hiyo hiyo 5,000 anapata uniti 14, na manunuzi ya kwanza ya mwezi inatangulia kukatwa 1,500 ya kodi ya jengo anabaki na uniti tisa na ushee. Maharage yale yale kwake ni shilingi 140 na kitu. Bado ni rahisi kuliko mkaa ukiniuliza mimi, ila kabla hujanunua angalia uko tarifu ipi, usije ukaja kunitukana.

Upande wangu mkaa gunia lilikuwa 40,000, nikimaliza kwa wiki tano. Sa hivi gunia linanifikisha mwezi wa tatu, na matumizi ya umeme yamepanda toka uniti 20 mpaka 47, 48. Yani badala ya 2,400 na kitu nalipa karibu 6,000 kwa mwezi. Hapo hata mzee alinyamaza.

Haya, uchafu wake.

Kwanza plagi. Jiko limekuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, soketi zetu ni za matundu matatu, muuzaji akanitupia adapta ya bure, nyeupe, nyepesi kama kifuniko cha soda. Nikaichomeka kwenye ekstensheni ile ile ya tv. Wiki ya pili nanusa harufu, nikadhani mpira wa mfuniko unaungua, kumbe adapta imelainika imeinama kama mshumaa na tundu moja la ekstensheni limekuwa la kahawia. Nikazima swichi kuu nikiwa natetemeka, watoto walikuwa pale pale wanasubiri wali. Fundi wa kijijini akaja akacheka, akanionyesha waya wa ile ekstensheni, ndani nyuzi chache nyembamba kama za kusukia nywele, akasema wati 1000 ni zaidi ya ampea nne, zinapita humo dakika arobaini kila siku unategemea nini. Akakata plagi, akafunga ya miguu mitatu yenye fyuzi, na akaniwekea soketi ya ukutani peke yake na waya mnene mpaka kwenye mainswichi. Soketi, waya na ufundi 18,000. Kwaiyo bei halisi ya hili jiko ni 143,000 na sio 125,000, anayekuuzia hatakwambia. Na kama nyumba yako ilifungwa kile kiboksi cha REA chenye soketi moja na taa, usianze na jiko, anza na fundi.

Pili, umeme wa jioni. Saa moja mpaka saa tatu usiku kijiji kizima kimewasha, taa zinakuwa rangi ya chungwa, na jiko linajivuta, dakika kumi za kupanda presha zinakuwa ishirini na tano. Nilidhani limekufa. Yule fundi akaleta mita yake akapima kwenye soketi: volti 178, badala ya 230. Akanifafanulia kitu nilichokipenda, kwamba volti zikishuka hivo jiko la wati 1000 linafanya kazi kama la wati 600, ila uniti haziliki sana maana linavuta taratibu, unapoteza kidogo tu kwa joto linalotoka. Nikapima mwenyewe: maharage ya saa mbili usiku 0.46, ya saa tano asubuhi 0.40. Ndo ukweli. Kwaiyo mi napika mchana, maharage yakiiva saa nane nayaacha, jioni ni kuunga tu. Wanaoangalia wanaona kama uvivu wangu wa kupika jioni, ni volti jamani.

Tatu, kukatika. Mtu kaniuliza, si kuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, mashine tisa, umeme unakatikaje tena? Na sisi Tanga tusiseme, mtambo wa umeme wa maji wa Hale upo hapo tangu 1964, na Pangani Falls mpya megawati 68. Ni kweli, lakini umeme kuwepo nchini sio sawa na kufika jikoni kwangu. Mwezi uliopita kuti la mnazi liliangukia waya hapa chini karibu na shule, tukakaa toka asubuhi mpaka magharibi, bwawa lingefanya nini kwa kuti?

Siku moja ulikatika nikiwa na wageni, maharage yana dakika 12 tu kwenye presha. Nilitaka kufungua, mama mkwe akasema liache. Nikaliacha limefungwa dakika 40 bila umeme wowote. Nilipofungua yalikuwa yameiva kasoro kidogo, nikamalizia kwenye mkaa dakika kumi. Joto linabaki ndani kwelikweli. Ila hili la kwangu lina ubaya mmoja: umeme ukirudi haliendelei, linasimama tu kwenye vistari vyake mpaka ubonyeze upya. Nimeshalikuta limepoa na nyama mbichi ndani nikidhani linapika.

Kuhusu chakula chenyewe, hapo silalamiki. Pweza wa Deep Sea, soko la samaki la Tanga, nililetewa na mdogo wangu, dakika 18, laini mpaka mzee akauliza nimempiga na nini. Kisamvu nakitwanga vilevile kwenye kinu, nakichemsha na tui jepesi kwenye presha, alafu tui zito nalimimina baadae mfuniko ukiwa wazi, ukilitia mwanzo tui linakatika na utalaumu jiko bure. Wali wa nazi mara ya kwanza ulishika chini ukakausha ukoko mweusi, nikajifunza kuongeza maji nusu kikombe. Ugali usijaribu. Chapati ndo kabisa, mkaa uliobaki kazi yake ni hiyo. Mama mkwe anakula maharage yake vizuri tu alafu anasema "matamu, ila hayana moshi," nami nimeshindwa kujua hiyo ni sifa au kasoro.

Mwezi wa tano wa kulitumia mpira wa mfuniko ukalegea, mvuke unatoka pembeni, presha haipandi, na uniti zinakwenda bure, maharage yalinila 0.7 siku hiyo. Nikapanda gari mpaka mjini na karatasi yangu ya daftari. Yule muuzaji kaniangalia kama hajawahi kuniona. Akasema mpira hauna waranti, mpira ni kama tairi. Nikamuuliza basi niuzie, akasema hana, akanambia ninunue jiko jipya, "dada haya sa hivi yameshuka." Nilitoka pale nimevimba. Nikazunguka kwa mafundi wa vyombo mpaka nikampata kijana mmoja ana gunia zima la mipira ya kila saizi, nikapima na mfuniko niliokuja nao mkononi, 5,000. Nikachukua miwili. Sasa hilo ni la msingi sana kwa mnaonunua: beba mfuniko, na ulizia mpira kabla hujalipia jiko. Kama duka halina mpira, hilo jiko ni la miezi mitano.

Jiko nalipa nyota nne. Duka nalipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu kiti walinipa.

Sasa la friji. Mzee kaona uniti zinatosha, kaenda kuulizia friji dogo la mtumba, anataka maji baridi na tuuze barafu kidogo. Nikamkalisha na kalamu. Tuko 48. Friji la mtumba tuseme ni uniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi, jumla 78. Zinazozidi 75 zinatozwa 350 moja moja, hapo bado sio kilio, makato yote uniti tatu ni kama 1,300. Kilio ni ukizoea kuzidisha ukahamishiwa T1: uniti hizo 78 zinakuwa karibu 28,000, wakati 75 za D1 hazifiki 9,200. Jirani yetu mwenye saluni yuko huko, ananunua ya elfu kumi kama anayenunua dawa. Mzee kaangalia karatasi muda mrefu, alafu kasema basi tupunguze kupika maharage. Nikamwambia tuanze na redio.

Hatujaongea tangu juzi. Leo napika makande, na nimemtilia nazi mbili.