Kunakili Downton Abbey kwenye vibanda vya Kadutu, Bukavu

Huduma ya kunakili tamthilia hii ya runinga ya Uingereza ni ya haraka, ila hesabu faili kabla ya kulipa. Msimu wa 1 una vipindi 7. Ukikosa cha 3, ambamo Pamuk, mwanadiplomasia Mturuki, anafia kitandani mwa Mary, binti wa jumba hilo, na maiti kubebwa usiku na Mary mwenyewe, mtumishi Anna na mama yake Cora, hutaelewa kwa nini Edith, mdogo wake Mary, anaandikia ubalozi wa Uturuki. Dai pia kipindi cha Krismasi cha 2011: humo ndimo Mary anamfunulia Matthew, mrithi wa jumba, siri hiyo, na kukiacha ni kosa kubwa.

Flashi ya FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga faili) hukataa faili inayozidi GB 4. Maandishi ya tafsiri ya Kifaransa yasipotokea chini ya picha, ipe faili yake jina lilelile la video. Sauti chagua ya Kiingereza: lafudhi hutenganisha Daisy, mtumishi wa jikoni, na Violet, nyanya yake Mary, papo hapo.