Na mbwa kutoka Malindi: Mambrui au Marafa?

Kwa anayetembea kwa miguu kutoka Malindi, pwani ya Kenya, mkoba mgongoni na mbwa ubavuni, Mambrui ndiyo nyepesi: kama kilomita 15 tu kandokando ya bahari, na maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mchanga huwa mgumu na hauchomi nyayo. Ila mlango wa mto Sabaki usiuvuke kwa miguu, una viboko na mamba. Ingia bara mapema ushike daraja la barabarani, kamba mkononi, maana matatu hazina subira. Mbwa akinywa maji ya bahari huharisha. Mpe ya chupa kila nusu saa.

Marafa ni mbali maradufu, na makorongo yake yaitwayo Nyari kivuli hayana. Ondokeni alfajiri. Gusa udongo kwa mgongo wa mkono: usipovumilia sekunde 7, pumzikeni. Mbwa wa kilo 20 huhitaji lita moja kwa siku hata akilala tu, basi mbebee lita 3. Masika majani hujaa kupe. Kila jioni kagua masikio na katikati ya vidole, umng'oe kupe kwa kibano karibu na ngozi, bila kumminya tumbo. Mbwa wa pua fupi hupoa kwa shida akihema: huyo ni wa Mambrui tu.