Vigae vya sakafu ya bafu: uweke mwenyewe au umwite fundi?

Kubandika kigae sakafuni si kazi ya ajabu. Mwenye subira na mkono uliotulia anaielewa kwa siku moja. Bafu huharibikia chini ya kigae, kwenye mteremko na kwenye kinga ya maji. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha gharama za njia hizi mbili, ijue kwanza sakafu uliyo nayo.

Mwaga ndoo ya maji bafuni, subiri dakika chache, kisha tazama yamebaki wapi. Yakiisha yote kupitia tundu la kutolea maji, mteremko upo. Yakituama kwenye kona au nyuma ya choo, hakuna kigae kitakachokuokoa, kwa sababu gundi ya vigae haikutengenezwa kusawazisha sakafu. Mteremko unaofaa ni milimita 15 hadi 20 kwa kila mita. Ukuta ukiwa mita 2 kutoka kwenye tundu, sakafu pale ukutani inatakiwa iwe juu kwa sentimita 3 hadi 4. Baada ya hapo laza rula ya alumini ya mita 2 kufuata mteremko: ukiona upenyo unaozidi milimita 3 chini yake, panahitaji kujazwa kwanza. Mwisho gonga sakafu nzima kwa mpini wa nyundo. Panapotoa sauti ya uwazi, lipu imeachia, ing'olewe.

Sakafu ikifaulu hayo yote, bafu likiwa la pembe nne na tundu la maji likiwa pembeni, tunapendekeza bila wasiwasi ufanye mwenyewe. Ikifeli, au tundu likihitaji kuhamishwa, au bafu likiwa ghorofani juu ya chumba cha mtu mwingine, mwite fundi.

Tuchukue bafu la mita 2 kwa 2, yaani mita 4 za mraba, na vigae vya sentimita 30 kwa 30. Ongeza asilimia 10 ya vitakavyovunjika na kukatwa, utahitaji vigae 49. Ukivilaza kimshazari ongeza asilimia 15. Kwa mwiko wenye meno ya milimita 10, gundi huenda kilo 4 hadi 5 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo mfuko wa kilo 20 unaweza kuishia mlangoni kabisa. Nunua miwili. Grauti, yaani unga unaochanganywa na maji kujazia mianya kati ya vigae, kilo 2 inatosha kwa mianya ya milimita 3. Kabla hujaondoka dukani, soma namba ya rangi na ya kipimo kwenye kila boksi. Boksi mbili za kigae kilekile zenye namba tofauti huweza kupishana rangi, au hata ukubwa kwa milimita moja, na mistari ikakataa kukutana. Usichague kigae kinachong'aa. Kwa sakafu inayolowa tafuta kilichoandikwa R10 au zaidi. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo utelezi unavyopungua.

Vifaa ni pima maji, kamba ya chaki, mwiko wenye meno, nyundo ya mpira, spesa (vipande vidogo vya kuacha mwanya sawa kati ya vigae), ndoo mbili, sponji, mwiko wa mpira wa grauti, mashine ya mkono ya kukatia na grenda yenye diski ya almasi. Hizo mbili za mwisho ni bora kuzikodi. Grenda ikifanya kazi kavu hutoa vumbi la silika linaloumiza mapafu, basi kata kwa maji ukiwa nje, umevaa barakoa na miwani.

Kinga ya maji ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, maana ikishafunikwa hakuna anayeiona. Paka utando wa kuzuia maji mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na uupandishe ukutani angalau sentimita 15. Kwenye kona na kuzunguka tundu lazia ukanda wa kitambaa ndani ya mkono wa kwanza ungali mbichi, kwa kuwa kona ndizo hupasuka jengo linapotikisika. Ukishakauka, ziba tundu, jaza maji ya sentimita chache na uyaache saa 24 uone kama yanavuja. Hili lifanyike hata kama kazi ni ya fundi, na mwenye nyumba awepo.

Sasa vigae. Vipange vikavu kwanza, kuanzia mstari wa katikati, usukume mpango mpaka kipande kidogo kiangukie nyuma ya choo na si mlangoni. Hakikisha pembe kwa kupima sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili. Ulalo ukiwa 100, kona ni mraba. Changanya gundi, iache dakika 5, ikoroge tena bila kuongeza maji. Ikianza kukaza ndooni itupe. Ukiirudishia maji italainika, lakini nguvu yake imekwisha.

Paka gundi kwa upande bapa ikigandamizwa sakafuni, kisha pitisha meno kwa mistari inayokwenda upande mmoja. Tandaza eneo unaloweza kulimaliza ndani ya dakika 15. Gundi iliyokaa wazi hufanya ngozi juu, na ukiigusa isipokubandika kidoleni, ikwangue upake upya. Mgongo wa kigae upakwe gundi nyembamba pia. Kilaze, kisogeze mbele na nyuma kukatisha mistari, kigonge kwa nyundo ya mpira. Kila baada ya vigae vichache kinyanyue kimoja ukikague mgongo: bafuni gundi iwe imeshika asilimia 95. Ukiona mistari bado imesimama na mifereji kati yake, ama meno ni madogo ama gundi imekauka. Kando ya ukuta acha upenyo wa milimita 5.

Grauti isubiri saa 24. Ijaze kwa mshazari, ifute kwa sponji iliyokamuliwa vizuri. Maji mengi ya sponji huiosha rangi na kuacha mabaka. Sakafu inapokutana na ukuta usitie grauti, tia silikoni, vinginevyo mstari huo utapasuka mapema.

Na fundi je? Fundi mzuri anastahili pesa yake kwa mambo matatu: lipu yenye mteremko sahihi, ukataji kuzunguka mabomba, na vigae vikubwa. Tundu likiwa katikati, sakafu huteremka kutoka pande nne, na kigae cha 60 kwa 60 hakiwezi kupinda. Lazima kikatwe kimshazari kuelekea tundu, au mahali hapo pawekwe vigae vidogo vya sentimita 5. Vigae vikubwa pia huonyesha kila tofauti ya kimo kati ya kimoja na jirani yake, hata ya milimita moja, na vidole vya miguu huisikia.

Huduma hii huangusha watu kwa namna zinazojulikana. Fundi huweka madonge matano ya saruji chini ya kigae badala ya gundi iliyotandazwa. Kigae kinakaa sawa siku ya kwanza, ila chini yake kuna uwazi unaokusanya maji, na kitu kizito kikianguka kinavunjika. Saruji tupu haiishiki porseleni, aina ya kigae ambayo hunyonya maji kwa asilimia 0.5 au chini ya hapo; inahitaji gundi iliyoongezwa polima. Kosa jingine ni kujaza grauti siku hiyohiyo ili kazi iishe.

Kwa hiyo kabla ya kukubaliana muulize atatumia gundi gani na mwiko wenye meno ya milimita ngapi, atapaka nini chini, na lini atajaza maji kupima. Asiye na jibu la swali la mwisho tafuta mwingine. Omba uione kazi yake iliyokaa miaka miwili, kwa sababu kila sakafu hupendeza wiki ya kwanza.

Njia tunayoipenda zaidi ni ya kugawana: fundi afanye lipu, mteremko na kinga ya maji, wewe ulaze vigae na grauti. Mkubaliane kwa maandishi kwamba kazi yake inaishia kwenye jaribio la maji la saa 24, na sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwako hadi dari ya chini na kuta za jirani zionekane kavu.