Kings of Convenience: uanze na albamu ya 2009 au ya 2021?

Wanorwei hawa wawili kutoka Bergen, Eirik Glambek Bøe na Erlend Øye, walitoa Declaration of Dependence mwaka 2009, kisha hawakutoa albamu nyingine hadi Peace or Love, Juni 2021. Miaka 12! Hapa Nairobi msanii akikaa miezi sita bila wimbo mpya watu wanauliza kama ameokoka.

Ya 2009 ndiyo yenye mwendo. Haina mpigo wa ngoma hata mmoja, lakini mguu hautulii: gitaa moja linashika mdundo, jingine linadondoa nota juu yake. Hiyo inavumilika hata kwenye matatu ya Rongai, mradi una spika nzuri za masikioni na hukukaa kiti cha nyuma.

Ya 2021 ukiibeba kwenye matatu umeipoteza. Ilirekodiwa kwa miaka mitano katika miji mitano, na bado inasikika kana kwamba wameketi sebule moja. Hawana haraka. Unasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi mkono unapohama. Feist, Mkanada aliyeimba nao pia kwenye albamu ya 2004, anaingia kwenye nyimbo mbili, na hapo sauti zinapishana taratibu bila mmoja kumfunika mwenzake. Isikilize usiku, majirani wakishazima televisheni.

Mimi nachukua ya 2021, ingawa katikati inasinzia kidogo. Lakini aliyelelewa na magitaa ya benga aanze na ya 2009. Itamshika haraka zaidi.