Mwaka wa sita na Thunderbird ofisini: mipangilio niliyoibadilisha baada ya ankara ya uongo

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, hapa Dar es Salaam. Tuko watu tisa na karibu kila kitu kinapita kwenye barua pepe: hati za shehena, ankara za wauzaji wa nje, namba za mlipakodi, nakala za pasipoti za wateja. Huu ni mwaka wa sita tunatumia Mozilla Thunderbird, programu ya kompyuta ya kusomea na kuandikia barua pepe. Ni ya bure, inaendeshwa kwa michango ya watumiaji, na haijawahi kutupotezea barua. Lakini tangu fundi alipotuwekea, hakuna aliyewahi kufungua ukurasa wa mipangilio. Mimi nimeufungua mwaka huu, na nilichokikuta humo ndicho ninachotaka kukieleza.

Dada wa uhasibu alipokea barua ya muuzaji wetu wa siku nyingi aliyeko China. Jina lilelile, saini ileile chini, hata namba ya mzigo uliokuwa njiani ilitajwa sawasawa. Barua ilisema akaunti yao ya benki iko kwenye ukaguzi, kwa hiyo malipo yaende kwenye akaunti nyingine. Akajibu, akaomba ankara yenye akaunti mpya. Ikaja siku hiyohiyo. Alipoipeleka kwa Mzee isainiwe, Mzee akamwambia, "Mama, mpigie kwanza mwenyewe. Tumia ile namba ya zamani." Muuzaji hakuwa na habari yoyote ya akaunti mpya. Pesa haikutoka, lakini ilikuwa imebaki saini moja tu.

Jioni ile nilikaa na zile barua. Anwani ya tapeli ilifanana na ya muuzaji, isipokuwa mahali pa herufi m paliwekwa r na n. Zikibanana kwa maandishi madogo, jicho linasoma m. Dada akaniuliza, "Kaka, mbona barua ya pili haionyeshi anwani kabisa? Nimeona jina tu." Swali lake ndilo lililonifungua macho.

Thunderbird ina utaratibu wa kuhifadhi yenyewe anwani ya kila mtu unayemwandikia. Ina utaratibu mwingine wa kuonyesha jina peke yake kwa mtu aliyemo kwenye kitabu chako cha anwani. Kila mmoja una manufaa yake: hulazimiki kuandika anwani upya, na kichwa cha barua hakijazani maandishi. Lakini hebu viweke pamoja. Ukishamjibu tapeli mara moja, anaingia kwenye kitabu cha anwani kama mtu unayemfahamu, na barua yake inayofuata inakuja na jina tupu. Kitu pekee ambacho kingemfichua kinaondoka machoni.

Nimezima yote mawili kwenye kila kompyuta. La kuhifadhi anwani liko sehemu ya uandishi wa barua, na la jina tupu liko sehemu ya usomaji. Kisha nikaingia kwenye mpangilio wa kichwa cha barua na kuchagua anwani kamili ya mtumaji ionekane wakati wote, nikaongeza na ukubwa wa herufi. Kompyuta moja ilinichukua dakika tano hivi. Katika yote niliyoyafanya, hili ndilo ninalolithamini kuliko mengine, kwa sababu barua ile haikuwa na kiungo cha kubofya wala kirusi. Programu inalo onyo la barua za kitapeli, nasi tumeliacha likiwa limewashwa, lakini barua ya maneno matupu na ankara ya PDF haiipi chochote cha kukamata. Pale mlinzi ni jicho la msomaji, na jicho linahitaji kuonyeshwa anwani.

Jambo la pili lililonisumbua ni kompyuta ya mapokezi, inayotumiwa na watu watatu kwa zamu. Nilifungua sehemu ya faragha na usalama, nikabofya orodha ya nywila zilizohifadhiwa kisha kitufe cha kuzionyesha, na nywila zote za akaunti zilizowekwa pale zikajipanga mbele yangu, zinasomeka. Mgeni aliyeachwa peke yake pale kwa dakika mbili angeweza kuzipiga picha. Dawa yake ni nywila kuu: ukiiweka, nyingine zote zinafungwa kwa msimbo na programu inakuuliza hiyo moja kila unapoifungua. Ukiisahau, njia ni kuifuta pamoja na nywila zote zilizohifadhiwa na kuanza upya, kwa hiyo yetu tumeiandika kwenye karatasi iliyomo ndani ya sefu. Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba nywila kuu haifungi barua zilizokwisha kupakuliwa. Mtu anaweza kukataa kuiandika na bado akasoma za jana. Kwa sababu hiyo tumempa kila mmoja wa mapokezi akaunti yake ya Windows, na kioo kinajifunga baada ya dakika tatu. Ningefurahi sana kama siku moja nywila kuu ingefunga na barua zenyewe, na ndiyo maana natoa nyota nne na siyo tano.

Picha zinazovutwa kutoka kwenye seva za nje, yaani kompyuta za mbali mtandaoni, Thunderbird inazizuia tangu mwanzo, na hilo nalisifu. Picha moja isiyoonekana inatosha kumjulisha mtumaji kwamba barua imefunguliwa, saa ngapi, na kutoka mtandao gani. Shida ni kile kitufe cha kuruhusu. Kwenye orodha ya watumaji walioruhusiwa nilikuta anwani nyingi zisizojulikana na mtu yeyote ofisini, zimekubaliwa moja moja kwa haraka ya kazi. Nimeifuta orodha nzima. Bando nalo tumeliokoa kidogo.

Mezani kwa uhasibu nimeweka barua zisomwe kama maandishi matupu. Kitufe kizuri cha "lipa hapa" kinapotea, inabaki anwani ya kiungo unayoweza kuisoma. Wenzetu wanaofuatilia meli walikataa, na wana haki: ratiba zinakuja kwenye majedwali, na bila umbo lake hazisomeki.

Mengine yalikwenda haraka. Akaunti mbili za zamani zilikuwa bado zinapokea barua kupitia mlango wa 110 (namba ya njia ambayo programu huongea na seva) bila ulinzi wowote, nywila inasafiri wazi kwenye Wi-Fi. Nimezihamishia mlango wa 993 wa kupokea na 465 wa kutuma, yote kwa SSL/TLS, yaani mawasiliano yanafungwa kwa msimbo yakiwa njiani. Kwenye Windows nimewasha mwisho wa majina ya mafaili uonekane. Kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 kilisambaa kwa faili lililoonekana kama la maandishi tu, kwa sababu mwisho wake halisi, .vbs, ambao ni wa programu, ulikuwa umefichwa.

Ila yapo mambo ambayo Thunderbird haiwezi kuyaona kwa kuwa yanakaa kwenye seva. Niliingia kwenye akaunti kwa kivinjari, moja baada ya nyingine, kuangalia kanuni za kusambaza barua. Kwenye akaunti ya nyaraka nikakuta kanuni inayopeleka nakala ya kila barua kwa anwani binafsi ya mfanyakazi aliyeondoka zamani. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini pasipoti za wateja zilikuwa zikienda nje ya ofisi kila siku, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu hata sisi wadogo. Tumeiondoa siku hiyohiyo, tumebadilisha nywila, na tumewasha uthibitisho wa hatua mbili kwa akaunti zote.

Imebaki simu ya Mzee. Thunderbird ya Android ipo tangu Oktoba 2024, imejengwa juu ya K-9 Mail, programu nyingine ya barua pepe ya Android, na ameniahidi kunipa simu hiyo Ijumaa akitoka msikitini. Nikishaizoea kwa miezi michache nitaandika na hilo.