GPSDO ya Kichina kwenye umeme wa Kampala: inunuliwe au iachwe?

Bassebo ne bannyabo, karibuni tena mezani kwangu. Leo tuna hiki kisanduku cha alumini. Mbele kina kioo kidogo na taa tatu. Nyuma kina tundu la antena, tundu la umeme wa volti 12 na matundu mawili ya BNC: moja linatoa megahezi 10, yaani mitikisiko milioni 10 kwa sekunde, jingine linatoa pigo moja kila sekunde. Jina la kampuni hakuna, nimegeuza pande zote sikuliona. Wauzaji wanaiita GPSDO basi, yaani osileta (kifaa kinachotoa mitikisiko ya umeme kwa kasi isiyobadilika) ya kwatsi, lile jiwe la saa za mkononi, inayorekebishwa na setilaiti za GPS. Nimeinunua kwa pesa yangu, laki tano na ushei za Uganda, ushuru kando, kwa hiyo leo sina mtu wa kumpendeza.

Kwa wenye haraka niseme mapema: kitu chenyewe ni kizuri, lakini ukikinunua bila betri umetupa pesa. Wenye nafasi kaeni, tukifungue.

Bisibisi ndogo, skrubu nne, kifuniko hicho. Mnaona hili boksi la bati linalong'aa katikati? Hiyo ndiyo OCXO, osileta ya kwatsi yenye tanuri lake. Ndani yake kuna kipande cha kwatsi kimefungiwa pamoja na hita ndogo, kwa sababu kwatsi ikipata joto au baridi inabadili mtikisiko wake. Badala ya kupigana na hali ya hewa, wanaipasha na kuiweka kwenye joto lilelile muda wote, juu kuliko joto lolote la chumbani. Nikiweka kidole hapa, ni la moto lakini halichomi.

Sogezeni macho kwenye miguu yake. Kuna lehemu ya zamani chini ya lehemu mpya, na hapa ubavuni pamechubuka palipokuwa na karatasi ya namba. Hii OCXO imeng'olewa kwenye mtambo wa mnara wa simu, mtambo ukastaafu, ikauzwa kwa kilo. Wengine wakiona hivyo wanasema wameibiwa. Mimi nasema afadhali hii kuliko mpya ya bei hiyohiyo. Kwatsi mpya huhama masafa haraka siku zake za mwanzo, na kadiri inavyokaa kwenye umeme ndivyo inavyotulia. Hii imeshakula chumvi yake.

Sasa inafanyaje kazi. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200, na kila moja imebeba saa za atomiki. Kipokezi humu ndani kinasikiliza kadhaa kwa pamoja na kutoa pigo moja kila sekunde. Lile pigo, ukilitazama kwa siku nzima, halipotei. Lakini ukilitazama sekunde kwa sekunde linayumba, mara limewahi nanosekunde kumi na kitu, mara limechelewa. Kwatsi ni kinyume chake: kwa sekunde moja au kumi imenyooka kabisa, ila ukiiacha wiki imeshakwenda zake. Ni kama kijana mwenye mbio asiyejua njia, na mzee anayeijua njia lakini anapepesuka. Kisanduku kinawafunga pamoja: kinapima kwatsi imeachana kiasi gani na pigo la setilaiti, kisha kinapandisha au kushusha volti ndogo inayoisukuma kwatsi irudi, taratibu, kwa dakika nyingi. Kikirekebisha kwa pupa, kutetemeka kwa GPS kunaingia kwenye megahezi 10 zako na umeharibu kazi.

Nawasha. Tazameni mita: ampea 1.2. Hiyo ni hita inavuta nguvu zote. Baada ya dakika chache inashuka hadi 0.4 na kukaa hapo. Kioo kinaanza kuonyesha saa, na kwa dakika za mwanzo saa hiyo inaweza kupishana na ya kweli kwa sekunde nzima kadhaa. Msishtuke. Saa ya GPS yenyewe iko mbele ya saa ya dunia, UTC, kwa sekunde 18 tangu Januari 2017, na habari ya tofauti hiyo huja ndani ya ujumbe unaochukua dakika 12 na nusu kuzunguka wote. Kikishajua, kinajirekebisha. Na kikikuandikia 06:00 wakati wewe unasema saa tatu asubuhi, ni sawa, kinasoma UTC, sisi tuko masaa matatu mbele, halafu na hesabu yetu ya saa ni nyingine.

Antena. Ile ndogo nyeusi yenye sumaku inayokuja ndani ya boksi inatosha. Chini ya mabati haioni kitu, hata usijaribu. Ipandishe juu ya paa na kuibandika kwenye bati lenyewe. Antena ya aina hii inapenda kukaa juu ya kipande kipana cha chuma, na paa zetu zimejaa chuma. Iweke mbali na ukuta wa jirani wa ghorofa, maana mawimbi yakigonga ukuta na kurudi yanafika yamechelewa. Na radi, jamani. Huku karibu na Ziwa Victoria radi si mchezo. Mimi mawingu yakianza kunguruma nachomoa waya wa antena. Kwatsi ikibaki peke yake kwa kosa la sehemu moja katika bilioni kumi, inachukua zaidi ya masaa mawili na nusu kupoteza maikrosekunde moja. Mvua itakuwa imepita.

Twende kwenye kipimo. Kujua kama megahezi 10 ni megahezi 10 unahitaji kitu cha kulinganisha, kwa hiyo nimeazima osileta ya rubidiamu, ambayo ni ya atomiki, kwa rafiki yangu fundi wa mitambo ya redio. Osiloskopu, kioo cha kuchora mawimbi, inafuata rubidiamu, ile njano. Ya bluu ni GPSDO. Wimbi moja la megahezi 10 lina upana wa nanosekunde 100. Kama mawimbi haya mawili yangeachana kwa wimbi zima ndani ya sekunde 100, tofauti ingekuwa sehemu moja katika bilioni. Ile ya bluu mnaiona inakwenda? Hamuioni. Nimeharakisha video: robo saa nzima, imesogea kama nanosekunde 10. Hiyo ni karibu sehemu moja katika bilioni mia moja. Na sehemu ya mwendo huo ni rubidiamu yenyewe, kwa sababu nayo huhama kidogo kidogo kwa miezi, haina mtu wa kuirekebisha.

Kuna watazamaji waliniuliza kuhusu ikweta, kwamba GPS inasumbua huku kwetu. Ni kweli, kiasi. Anga ya juu yenye chaji za umeme, ionosfea, ni nzito zaidi kwenye ukanda wetu, na jua likishazama huwa inachemka hadi mawimbi ya setilaiti yanakatikakatika. Jioni, hasa Machi na Septemba, unaweza kuona idadi ya setilaiti kwenye kioo inapungua halafu inarudi. Kipokezi cha masafa mamoja kama hiki hakiwezi kupima ucheleweshaji huo chenyewe. Siku mbaya unafika nanosekunde 50 hivi. Ukitaka kujua wakati kamili hadi nanosekunde, hilo ni tatizo. Ukitaka masafa, si tatizo, kwa sababu nanosekunde 50 zikitawanywa kwa masaa sita ni sehemu mbili tu katika trilioni. Kwa hiyo ikweta tuiache.

Adui wetu ni umeme. Umeme ukikatika dakika kumi, au Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku umelala, hita inapoa. Ukirudi, kisanduku kinaanza upya: kinapasha, kinatafuta setilaiti, na hiki hakikumbuki hata ile volti ya marekebisho kiliyokuwa kimeipata. Kibaya zaidi, kwatsi iliyopoa na kupashwa tena hairudi palepale ilipokuwa. Inarudi jirani, kisha inajivuta kwa masaa mengi. Nilipokata umeme makusudi na kuurudisha, nusu saa ya kwanza masafa yalikuwa nje kwa karibu sehemu ya mia ya hezi. Kwa mtu wa kawaida hiyo si kitu. Kwako uliyenunua kifaa hiki, ndicho ulichokuwa unakikimbia. Mtaa unaokatiwa umeme kila mara, kisanduku hiki kitakuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza maisha yake yote.

Dawa ni betri ya volti 12, ampea-saa 7, ile ya kengele za wizi, na chaja inayoiweka kwenye volti 13.8. Itakivusha usiku mzima. Hapa OCXO ni ya volti 5 na kuna regyuleta, kidhibiti cha volti, kabla yake, kwa hiyo 13.8 haiidhuru. Lakini angalia yako kwanza, kuna zinazopewa volti 12 moja kwa moja. Betri ina faida ya pili: adapta iliyokuja na kisanduku ni ya kelele. Nikitumia adapta, kwenye redio ya kompyuta naona vijiti vya ziada pembeni ya ishara. Nikiweka betri, vinatoweka. Adapta nimeitupa kwenye boksi la mabaki.

Sasa utaifanyia nini? Kwangu furaha kubwa ni QO-100, mitambo ya redio ya ridhaa iliyopanda ndani ya setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, Novemba 2018. Iko nyuzi 26 mashariki, Kampala tuko 32 na nusu, kwa hiyo kwetu iko karibu utosini. Wenzetu wa Ulaya wanahangaika na miti na majirani. Sisi dishi linatazama juu tu. Inashuka kwenye gigahezi 10.49, unaipokea kwa LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi, ya kawaida ya televisheni. LNB nyingi za siku hizi zina kristali ya megahezi 25 inayozidishwa mara 390, ndipo unapata megahezi 9,750 za kushushia ishara. Kristali ikikosea sehemu moja katika milioni, wewe umekosea karibu kilohezi 10, na sauti ya mtu mmoja ina upana usiofika kilohezi 3. Jua likipiga LNB, mazungumzo yanakimbia. Ukiilisha kutoka GPSDO, kosa linakuwa hezi moja au chini. Ila kisanduku hiki kinatoa 10 tu, utahitaji bodi ya kugeuza 10 kuwa 25. Kama hiyo ndiyo kazi yako kuu, tazama ile ndogo ya Leo Bodnar wa Uingereza: masafa unachagua mwenyewe na inaendeshwa na USB. Kusikiliza ni hivyo. Kurusha, nenda UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, ukachukue leseni.

Kuna wazimu mkubwa kuliko huu. Mwaka 2005 Mmarekani Tom Van Baak alipakia saa tatu za atomiki za sesiamu kwenye gari la familia, akaenda na watoto wake Mount Rainier wikendi, kuona kama wakati unakwenda haraka zaidi mlimani, kama Einstein alivyosema. Zilirudi zimetangulia nanosekunde 20 na kitu. Nimepiga hesabu ya kwetu: kutoka Kampala hadi kilele cha Margherita ni kama mita 3,900, ungepata nanosekunde 37 kwa siku. Shida ni nani atabeba sesiamu na betri zake Rwenzori.

Nani asinunue? Anayetaka saa ya kompyuta iwe sahihi, moduli ya GPS ya NEO-6M na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi zinamtosha. Fundi anayetaka cheti cha vipimo, kisanduku hiki hakitoi cheti. Hiyo ni habari ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, Bweyogerere. Mwenye karakana ya redio, au anayependa kuona sekunde inavyokatwa vipande, nunua. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya bodi kwa chini na picha ya kioo kikiwa kimeshika setilaiti. Akikutumia picha ya tangazo tu, tafuta mwingine.